Karanga za Babu Dionis

Tekla. Tekla wee. Nimejificha stoo ya maabara, sitoki.

Si nilikwambia namleta babu shuleni? Nimewatambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wiki nzima: babu yangu alikuwa mtafiti wa Waingereza, karakana ya reli hapa Tabora, mwaka 57. Mtafiti!!

Babu kasimama mbele yao, akaanza kusimulia. Kazi yake ilikuwa kufungia panya kwenye chupa, wavute mvuke wa dawa ya kutoa grisi kwenye vyuma vya treni. Daktari wa Kizungu alitaka kujua inakaa mwilini muda gani. Panya akitolewa, pumzi yake inapitishwa kwenye maji ya kupimia. Yakigeuka mekundu, dawa bado imo.

Kwa kawaida kesho yake imeshatoka. Panya wa babu, siku tatu, mekundu. Siku TATU!

Kumbe babu aliwaonea huruma, akawalisha karanga kwa siri. Wakanenepa, dawa ikang'ang'ania kwenye mafuta.

Ikabidi aungame, huku kazi anaiona inaota mbawa. Daktari akamtazama kitambi. Akanusa ovaroli lake. Babu alikuwa analifua kwa dawa ileile, chumbani, madirisha kafunga! Daktari akampa mrija: "Puliza."

Maji yakawa mekundu kuliko ya panya wote.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Shikamoo babu. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa mtafiti?"

"Marahaba. Hapana, mjukuu wangu. Mtafiti alikuwa daktari. Panya walikuwa kumi na wawili. Mimi nilikuwa wa kumi na tatu."