Ndege Iliyomuua Evaristo

Córdoba, Machi 1953

Shemeji yangu mpenzi Hilario,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Mendoza. Sisi tunapumua. Mama yako anakula kidogo kidogo. Jana alikubali supu ya maboga. Mtoto anakuulizia kila ndege ikipita.

Umeniomba nikueleze alivyokufa kaka yako, kwa kuwa huko kambini kwenu marubani kila mtu ana lake la kusema. Nitakueleza, maana nilikuwepo.

Sisi wake wa marubani tulialikwa kuitazama ile ndege mpya ya kivita ikijaribiwa. Evaristo aliirusha vizuri, akapotelea juu ya milima, kisha akarudi chini chini kwa kasi iliyotufanya tuzibe masikio. Mkia ukaanza kutetemeka, ukakatika. Ndege ikabinuka, ikajipigiza uwanjani, ikapasuka, moto ukabingirika hadi kwenye mahindi ya jirani. Nilikimbia. Askari akanikamata kiuno. Nikamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akaniachia. Nilimwona, Hilario. Mkono wake ulikuwa bado umeshika usukani, na mwili haukuwepo.

Siku ya msiba, Kanali Iturralde, aliyesimamia majaribio yale, alikuja nyumbani na maua. Nikiwa jikoni nachemsha maji ya chai, nikamsikia akimnong'oneza msaidizi wake, "Alijitia ubingwa tu. Ndege haina kasoro." Nikatoka na birika, nikamwambia arudie. Akasema, "Tulia, bibie, ni uchungu huo." Nikammwagia maji yote usoni. Alipiga yowe, ngozi ya shavu ikavimba papo hapo. Msaidizi wake akanizaba kofi, nikaangukia jeneza. Basi mama yako, unayemjua kwa upole wake, akanyanyua kiti akamvunjia mgongoni. "Toka, mbwa wewe! Mwanangu amelala humu, nawe unampigia mkewe?"

Hawajanishtaki. Kanali hataki hakimu aanze kuuliza habari za mkia.

Sasa nikwambie neno alilonikataza Evaristo. Asubuhi ile, akifunga viatu, aliniambia mkia ulikuwa umeshatetemeka katika majaribio yaliyopita, na alipolalamika alijibiwa kwamba ni upepo. Nikamsihi akatae kuirusha. Akasema, "Nikikataa, Delfina, watampa Hilario airushe. Na yule mpumbavu hatakataa." Alicheka, kisha akaniapisha nisikwambie kamwe.

Nimevunja kiapo kwa sababu ya mistari ya mwisho ya barua yako. Unasema wamekuita urushe ndege ya pili ya aina ile ile, nawe umekubali ili kusafisha jina lake. Jina lake tuachie mimi na mama yako, umeshaona tunavyolipigania. Kaka yako alikufa badala yako. Usiende kukifanya kifo chake kiwe cha bure.

Mtoto anakusalimu, majirani wanakusalimu. Mama yako anasema uje nyumbani, na uje kwa treni.

Shemeji yako akupendaye,
Delfina