Mama, Tumempata wa Kutukagulia Mchwa

Mama,

Ninakuandikia nikiwa na tope miguuni na kicheko kisichotaka kuisha. Tumenunua nyumba! Iko Shinyalu, juu kidogo ya mashamba ya chai. Ukisimama jikoni unauona msitu.

Lakini nusura tuikose. Unakumbuka ile nyumba ya kupanga ya Lurambi, siku pasta alipoegemea fremu ya mlango akianza maombi, akaanguka nayo sebuleni? Mchwa walikuwa wameila yote ndani, wakaacha rangi tu. Wewe ndiye uliyecheka kwanza, ukamwinua ukisema, "Pole pasta, hawa hawajaokoka." Tangu siku hiyo niliapa sitanunua nyumba bila kukaguliwa mchwa.

Basi dalali akatuletea mtu wake wa kukagua. Alisimama mlangoni, akagonga ukuta, akatangaza kwamba paa lote limeliwa, na kwamba dawa anayo kwenye pikipiki. Mkwe wako akanywea. Akasema turudi zetu Lumakanda, tulikohamia baada ya Lurambi, tuendelee kupanga. Nililia, Mama. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia. Halafu nikajiuliza: wewe ungekubali neno la mtu ambaye hata ngazi hajapanda?

Nikaulizia kwa watu waliowahi kukaguliwa nyumba zao, wakanielekeza kwa Muhonja, mama mmoja wa Malava. Jambo la kwanza nikamuuliza kama akipata mchwa ni yeye atakayetuuzia dawa. Akacheka. "Mimi dawa siuzangi. Kazi yangu ni kukagua. Na sisemangi kitu kabla sijapanda juu." Nikampenda hapo hapo.

Aliingia darini na tochi, akatoka na utando wa buibui kichwani kama bibi harusi. Kila mbao aliidunga kwa bisibisi. Paa halijaguswa, Mama! Mchwa walikuwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni peke yake, na akatuonyesha njia yao ya udongo ilivyopanda kutoka kwenye kuni zilizorundikwa ukutani. Mwenye nyumba akakubali kubadilisha fremu na kutia dawa kabla hatujatia sahihi, na Muhonja akarudi kuhakikisha. Mkwe wako alimkumbatia mama wa watu mpaka nikaona haya.

Sasa tumehamia. Kuna kichuguu mpakani, mbali na nyumba, na jana mvua ilipokatika kumbikumbi wakaruka. Watoto wakatoka mbio na mabeseni, majirani ambao hata majina yao hatujayajua wakaja, tukakaanga, tukala na obusuma, ugali wetu wa nyumbani, mpaka tukashindwa kuinuka. Katikati ya kelele niligeuka nikuite uje kuonja. Nikasimama tu na sahani mkononi... Jirani mmoja akaniangalia, akanisogezea kiti.

Pumzika kwa amani, Mama. Krismasi nitawaleta dada zako wote hapa. Walale sakafuni, wabishane mpaka kuche. Nakuahidi sitamwambia hata mmoja anyamaze.

Binti yako,
Imali