Mwanamke wa Alasiri Kwenye Skrini

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo, na naomba marahaba yako hata kama utaitoa kwa kununa. Mama hajambo? Goti lake limetulia? Na wapwa zangu, bado wanagombana nani alale upande wa ukutani? Mimi ni mzima kuanzia shingo kwenda chini. Kuanzia shingo kwenda juu, dada, yamenikuta makubwa. Ningekupigia simu, lakini yako umeizima tangu siku nilipokuambia mumeo anaingia stoo na mwanamke, ukabeba watoto ukaenda kwa mama.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye mlinzi wa kamera, na tangu nikalie kile kiti hakuna hata msumari uliotoka stoo bila ruhusa yangu. Wenzangu wananiita Mwewe. Shule niliishia darasa la tano, nikawaachia nafasi wasio na vipaji, lakini kwa macho sina mpinzani. Siku moja nzi alitua kwenye kope yangu, sikupepesa. Alitembea wee, akachoka, akaondoka kwa aibu. Wachukuzi wa mizigo walikuwa wanapita dirishani kushindana nami kukodoa, wote wakaishia kufuta machozi. Ili usingizi usinichezee, nilielekeza feni usoni, nikaongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho wake, nikaivuta mpaka pua ikaribie kuigusa. Natazama vyumba sita kwa mpigo, tangu geti linapofunguliwa hadi linapofungwa. Hata chakula nakipeleka mdomoni kwa kupapasa.

Ndipo nikamwona huyo mwanamke. Asubuhi shemeji anaingia stoo na funguo zake, peke yake, kama mtunza stoo yeyote. Ikifika alasiri, yuko na mwenzake. Mwembamba, gauni refu la kijivu, kamganda begani kama kupe. Wanatembea hatua moja kama askari wa gwaride. Shemeji akiinama, naye anainama. Damu ilinichemka! Nilivizia, na kila alasiri yumo. Nikakupigia, nikakuapia kwa macho yangu mawili, na wewe ukaamini, maana ni lini Mwewe alikosea?

Ulipoondoka, shemeji aliisha. Kila siku anakuja chumbani kwangu kuniuliza kama najua amekukosea nini. Mimi na moyo wangu mgumu nikamjibu kwamba mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Akaduwaa, akasema nyumbani kwake hawajala kuku tangu mwezi uliopita.

Basi macho yangu nayo yakaanza kuwaka kama yametiwa pilipili. Kichwa kinagonga, shingo imekakamaa, maandishi yanaogelea. Juzi nikajigonga kwenye mlango uliokuwa wazi. Unajua nani aliniokota? Shemeji huyohuyo. Alinishika mkono kama kipofu mpaka kwa daktari wa macho, akaniketisha kwenye benchi, akaenda kunichukulia maji.

Dada, keti kwanza. Niliinua kichwa nikamwona anarudi kwenye korido, na yule mwanamke kamganda begani! Mchana kweupe, mbele ya wagonjwa! Nikaruka kama chui, nikalikamata lile gauni. Nilikumbatia hewa. Nikaanguka kifudifudi, maji yakanimwagikia kisogoni. Kuinua uso, naona mashemeji wawili wameniinamia, makoti mawili marefu ya kazi, ya kijivu, midomo miwili inaniuliza kama nimeumia.

Daktari alinionyesha kalamu. Nikasema ni mbili. Akaniuliza kazi yangu, nikamwelezea yote pamoja na yule nzi, nikitegemea sifa. Yule daktari, mama wa makamo, alishika kiuno. Akasema macho yangu yamechoka na kukauka kama shamba la kiangazi. Mtu akitazama skrini hupunguza kupepesa bila kujua, na kupepesa ndiko kunakolilainisha jicho. Mimi nimeligeuza kuwa mashindano, tena na feni juu! Macho yakichoka, yanashindwa kushikamana kwenye kitu kimoja, kila moja linashika njia yake, na kitu kimoja unakiona viwili. Asubuhi yametoka kupumzika, ndiyo maana wakati huo shemeji alikuwa mmoja. Akauliza kwani rafu za stoo hazikuongezeka nazo. Nikamjibu nilidhani umeingia mzigo mpya.

Radi imeshanipiga mara mbili maishani, lakini sikushtuka namna ile. Amenipa masharti: nipepese kama binadamu, kila dakika ishirini niinue macho nitazame kitu cha mbali, skrini ikae umbali wa mkono na chini kidogo ya macho, mwanga wake ulingane na wa chumba, feni igeuzwe. Na nikipumzika bado nikaona viwili, nirudi haraka, maana hapo huenda ni ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo, dada, hakuna mwanamke. Hajawahi kuwepo. Uliyemlilia ni mumeo mwenyewe na koti lake la stoo.

Shemeji hakujua maneno yalitoka kwa nani, kwa hiyo kabla ya kuifunga barua nimemsomea yote. Alivua koti lake, akalikunja taratibu mpaka nikatamani radi ya tatu. Kisha akaniuliza jambo moja tu: huyo mwanamke, katika kuja kote huko, aliwahi kumsaidia kubeba hata boksi moja? Nilicheka. Yeye hakucheka.

Msalimie sana mama, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawakumbuka. Barua hii kaileta shemeji mwenyewe. Nimemwambia ampe mama akupe, yeye asubiri. Hivi unavyosoma, yuko nje ya mlango. Fungua umtazame kwa macho yako, si kwa yangu. Yuko peke yake, dada, na amekuwa peke yake tangu ulipoondoka.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Mwewe