Omari Bakari Watatu

Jumatatu, 9 Juni

Mafaili asubuhi nzima. Wino wa mhuri umekauka tena. Saa nne hospitali moja ya Dar ilipiga simu ofisini: Omari Bakari, mtu wa Mafia, amefariki jana. Hakutaja ndugu.

Daftari la wakazi lina watatu. Mwalimu mstaafu wa Utende, nimemwona leo. Fundi mashine za boti. Yuko Dar kutafuta vipuri. Mvuvi, huyo ni Baba. Yuko Dar, kamtembelea shangazi. Wakikutana huitana somo, hutaniana nani atamzika mwenzake.

Niliuliza kazi ya marehemu. Fundi, wakasema. Nikashusha pumzi. Ningeuliza umri. Niliogopa.

Jumanne, 10 Juni

Jana jioni nilimpelekea habari Bi Mwanaisha, mke wa fundi. Ameingia eda. Mama amekwenda kusaidia kupika msibani. Maiti haingojeshwi; Bi Mwanaisha ameridhia azikwe huko huko. Nimepiga simu hospitali kuwaambia.

Simu ya fundi imezimwa. Ya Baba pia. Nimejiambia ni chaji.

Jumatano, 11 Juni

Fundi ameshuka bandarini Kilindoni na begi la vipuri. Simu aliibiwa. Kakuta matanga yake mwenyewe. Watu walicheka, wakalia. Bi Mwanaisha alimshika mkono, hakuuachia.

Nilirudi ofisini, nikapiga hospitali. Miaka sitini na miwili. Mkono wa kushoto hauna vidole viwili.

Baba.

Shangazi anasema hakufika kwake kabisa. Alituficha ugonjwa. Ameshazikwa, kwa idhini ya mke wa mtu mwingine. Niliipeleka mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Mwanaisha ndiye aliyemwingiza Mama eda. Nilimwomba msamaha.

"Mimi nililia siku mbili, nikarudishiwa, mwanangu," akasema. "Mama yako nani atamrudishia?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Nilimuuliza Mama kwa nini hospitali walisema fundi. Kabla sijazaliwa Baba aliunda mashua Jibondo. Tezo la kuchongea mbao likamkata vidole, akaacha. Sisi alituambia ni papa. Shuleni nilijivunia papa yule.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi na mwalimu wamekwenda Dar kumsomea dua somo wao kaburini. Hakuna aliyetania.

Fomu ya kifo nimejaza mwenyewe. Kazi ya marehemu. Miaka yote ya shule niliandika mvuvi. Leo nimeandika fundi mashua.

Mhuri ulitoka hafifu. Nimegonga tena, taratibu.