Nimegawa Mji Wako

Jinja

Dada Zaituni,

Niwie radhi kwa ukimya wangu mrefu. Nimo huku nikiamua mashindano ya kutunga mafumbo ya vipande vya mbao. Fundi cherehani mmoja wa Nalufenya ameleta vipande vyeupe vitupu. Tumeviunganisha mchana kutwa, mvua ikinyesha, tukapata ubao mweupe!

"Hii sanaa ya mawazo, Mwalimu. Sema maana yake!"

Nikashindwa.

"Basi nipe mji!"

Kwa hasira nikampa Mbale. Akajisifu kwamba amefika kwako, amekula malewa yote, yale machipukizi ya mianzi unayopika. Nikamdai jibu, kama ilivyo desturi. Akacheka: "Jibu yake hata mimi sijui, bwana!"

Na bado anataka zawadi ya kwanza. Waamuzi wenzangu wamegawanyika. Kura yangu ndiyo itakayokata shauri. Nikishaamua nitakuandikia. Mungu akutunze, dada yangu, nawe ufunike sufuria.

Kaka yako,
Abdu