Chakula cha Watu Wanane

Ntobeye, Jumanne

Na bado nashikilia kwamba sikukosea kiutu. Nahodha wa yoti, mashua ya kifahari ya kukodi, aliniandikia kutoka bandarini, huko Mediterania: wageni wanane, siku saba. Mimi, mwagizaji wake wa vyakula, niliyeketi hapa kilimani na kompyuta, nikaagiza samaki, mikate na matunda ya watu kumi na wawili. Nani hupikia waliopo tu? Akija mpita njia?

"Baharini hapiti mtu," alinijibu. "Jokofu limejaa, samaki wanaharibikia sitahani. Ukirudia, tunaachana."

Nilimsimulia mama, nikitaraji atanitetea. Alicheka hadi akaweka ungo chini. "Shahada yote ile, mwanangu, na hukuuliza jokofu lao lina ukubwa gani?"



Kuacha kazi siwezi. Nimeomba nyingine hadi Biharamulo, hakuna aliyenijibu. Na baba amekwisha kutangaza kigangoni kwamba mwanawe ana ofisi Ulaya.

Asubuhi natakiwa kuagiza chakula cha wageni sita wengine. Nimekwisha kuandika: sita, kamili. Najiona mchoyo.