Vioo Vinne Ndani ya Leso

Jumanne, kituo cha treni, Kolwezi

Mikono yangu mwenyewe imeniudhi. Lenzi ya kukuzia picha ina vioo vinne ndani ya bomba la shaba, na asubuhi nilivitoa vyote nivifute ukungu. Siku zote natia alama ya penseli ukingoni, nijue upande gani unatazama taa. Leo sikutia. Jirani niliyempiga picha za arusi alikuja mlangoni na panga: "Bakasai, murudie kwenu Kasai!" Nikavifunga kwenye leso, tukatoka.

Sasa nimekalia mizigo, navigeuzageuza. Kimoja kikikaa kinyume, kila uso utatoka umefifia, na mi kazi nyingine sijui.

"Utabipanga muzuri tukifika kwetu, tata," mke wangu ananituliza.

Kwetu ni Musonoi, hapa hapa Kolwezi, nilikozaliwa. Kasai, kwa wazazi wangu, treni inakotupeleka, sijakanyaga hata siku moja.